Kila Kipande na Jicho Lake



Mbele ya makanisa mengi ya vigango vyetu, tangu vilima vya Mushaki hadi msitu wa Walikale, kuna ua ambalo wengi wenu mmelikata kwa ajili ya altare bila kulitazama sana. Tunaliita kana. Majani yake ni mapana kama ya mgomba mchanga, maua yake ni mekundu au ya manjano, na mbegu zake nyeusi ni za mviringo, tena ngumu kiasi kwamba zimetumiwa kutungia rozari. Lakini wazee waliolipanda hawakutumia mbegu. Walichimba kipande kwenye kichaka cha jirani, wakakifunga kwa ganda la mgomba, wakaenda nacho. Nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi hiyo ya kugawa kichaka cha maua, kwa sababu nimeiona ikileta ugomvi kanisani, na ugomvi ule ulinifikirisha kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya umoja.

Tuuelewe kwanza mmea wenyewe. Kana halishuki ardhini kwa mzizi mmoja kama mwembe. Chini ya udongo lina tunguu nene linalotambaa kama tangawizi, na juu ya tunguu hilo kuna macho. Kila jicho ni shina la kesho. Jicho likichipuka, shina huinuka, huchanua, kisha hufa. Na tunguu hutoa jicho jipya hatua moja mbele, kuelekea udongo ambao haujatumika. Hivyo, mwaka baada ya mwaka, kichaka hutembea kutoka katikati kwenda pembeni. Baada ya miaka kadhaa, ukikitazama kutoka barabarani, utasema ni kichaka kikubwa chenye afya. Tenganisha majani uchungulie ndani: utakuta matunguu makuukuu yasiyo na macho, yamebanana, mengine yameoza, na majani ya mwitu yamejipatia makao. Maua yanapungua, na yanayotoka ni madogo. Watu wakiona hivyo huleta samadi. Samadi haidhuru, ila kichaka hicho hakisumbuliwi na njaa tu. Kimesongamana, na msongamano huondolewa kwa jembe na kisu.

Kwenye kigango kimoja cha upande wa Walikale, nilikokuwa nikiwaandaa makatekista wapya, kulikuwa na kichaka cha namna hiyo kando ya mlango wa kanisa. Kilipandwa na katekista wa kwanza wa mahali pale, marehemu sasa, aliyewafundisha sala nusu ya wazee wa kijiji. Kwa heshima yake hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, isipokuwa kukata maua ya Dominika. Katikati kilikuwa kimekufa kabisa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika Masisi-kati, na mwezi wa Machi vikafika Walikale-kati. Yaliyofuata sina haja ya kuwasimulia. Wengi wenu mliyatembea kwa miguu. Katika miezi ile familia kadhaa zilizokimbia vilima vya Masisi zilipata makao kwenye kigango hicho, na watoto wao wakajiunga na kikundi cha vijana. Wasichana watatu kati yao waliomba kipande cha kana wakipande mbele ya vibanda vyao. Waliomba kwa adabu, baada ya ibada, mbele ya watu. Wakajibiwa kwamba ua la kanisa haligawiwi.

Sababu iliyosemwa ilikuwa heshima kwa marehemu. Sababu isiyosemwa kila mtu aliisikia: mwenye ua mlangoni amekwisha kuwa mwenyeji. Dominika iliyofuata vijana waliketi katika mafungu mawili, na kwaya ikaimba bila sauti ya pili, maana sauti ya pili karibu yote ilikuwa ya wageni.

Nilikwenda kumwona mzee aliyekuwa akikilinda kichaka kile, mtu ninayemheshimu kwa dhati. Akaniambia, "Mwalimu, kichaka hiki ni marehemu mwenyewe. Ukikikata, umemkata yeye."

Nikamwuliza, "Mzee wetu, migomba ya shamba lako uliipata wapi?"

Akasema machipukizi alipewa na mjomba wake, mwaka alipooa. Na mjomba? Mjomba alipewa na baba yake, aliyevuka nayo mto Lowa akiwa kijana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba sisi walimu tuna tabia ya kuuliza maswali ambayo majibu yake tunayo tayari. Ni kweli, tunayo.

Hata hivyo alikuwa amelifikia jambo lenyewe. Kipande cha kana si mtoto wa kana. Mbegu ndiyo mtoto: huchukua urithi wa pande mbili, na ua lake laweza kuwa na rangi ambayo hukuitazamia. Kipande ni mmea ule ule, ukiendelea kuishi mahali pengine. Ikiwa katekista yule wa kwanza alikizika kipande chake ardhini kwa mikono yake, basi kila kipande kitakachotoka pale ni kile kile alichokishika yeye. Kichaka kilicholindwa kisiguswe kilikuwa kinamaliza uhai wake hapo mlangoni, mbele ya macho ya waliompenda.

Tulikigawa Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, mvua zilipokwisha kushika. Tulichimba duara pana, shubiri mbili nje ya mashina, tukakiinua kichaka kwa majembe manne na gogo moja la kukipenyeza chini. Tukakung'uta udongo ili macho yaonekane. Hapo ndipo kisu kinapoingia, na hapo ndipo vijana wenye haraka huharibu kazi, kwa sababu wanachagua vipande kwa ukubwa. Kipande kinene kama mkono wa mtu mzima, kama hakina jicho, kitaoza. Kipande cha vidole vitatu chenye macho mawili na mizizi kidogo kitaishi. Majani huyapunguza kwa nusu, maana mizizi iliyokatwa haiwezi kuyanywesha yote. Jeraha huliacha likauke kivulini kwa saa chache. Wengine hulipaka majivu. Kisha unapanda siku hiyo hiyo jioni, kina cha vidole vinne hivi, jicho likitazama juu. Kwenye safari ndefu, ganda la mgomba lenye unyevu au gunia lililoloweshwa hukitunza kipande kwa siku kadhaa.

Tulipata vipande 37. Sehemu ya katikati iliyokufa ilikwenda kwenye shimo la mboji, na mzee aliomba aipeleke yeye mwenyewe.

Si kila mmea unaokubali kazi hii, na lazima mjue hivyo kabla ya kuchukua kisu. Waridi lina shina moja. Ukilipasua katikati umeliua. Bugenvilia vivyo hivyo. Hiyo hupandwa kwa vipandikizi vya matawi. Arumu nyeupe zinazopenda kandokando ya vijito vya Masisi hugawanyika vizuri, na agapanto pia. Dalia ni mjanja: macho yake hayako juu ya viazi vyake, yako kwenye shingo, pale viazi vinapoungana na shina la zamani. Kiazi cha dalia kilichovunjika bila shingo kinaweza kukaa ardhini kikiwa kinono na kizuri kwa wiki nyingi, wala kisiote kamwe.

Wakulima wa nyanda za juu walijifunza kazi hii zamani, tena si kwa ajili ya urembo. Pareto, lile ua jeupe lenye kitovu cha manjano ambalo hutoa dawa ya kuua wadudu, lililimwa kwenye udongo wa volkano wa Kivu tangu wakati wa ukoloni, na njia ya kawaida ya kulieneza ni kupasua vichaka vya zamani na kupanda vipande vyake. Lakini chukua kipande hicho hicho ukishushe hadi kwenye joto la Walikale: kitaota majani, na maua utayangoja bure, kwa sababu pareto huhitaji baridi ili itunge maua. Kana huvumilia huku na huko. Nawaambia hili kwa sababu nimewasikia watu wakiwasema vijana wa milimani walioshuka msituni kwamba ni wavivu, hawachangamki, hawaimbi. Mpeni mtu muda. Huenda kilichomfanya achanue kwao hakipo hapa, na kosa si lake.

Na tukiwa bado kwenye maua: pareto asili yake ni Dalmatia, kwenye pwani ya bahari ya Adria. Kana na dalia zilitoka Amerika. Arumu na agapanto zilitoka kusini mwa Afrika. Hata mgomba, ambao hapa kwetu tunauona kama ndugu, ulitoka Asia. Sijawahi kumwona paroko akililiza ua la altare swali la kwamba kwao ni wapi.

Sasa nifike kwenye upande wa kazi hii ambao mahubiri huurukia. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, na ulitambuliwa hapa hapa Masisi. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia, kwenye ensete, mmea ulio jamaa wa mgomba. Majirani zetu wa Rwanda wanauita kirabiranya. Mnaujua: majani hulegea na kugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake, ukiikata ndani ni kahawia, na shina lililokatwa hutoa usaha. Bakteria wake husafiri na wadudu wanaotembelea ua dume. Ndiyo maana tunafundishwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga. Husafiri kwa panga lenyewe. Na husafiri ndani ya machipukizi ambayo bado yanaonekana mazima. Litafakarini hilo. Jirani aliyempa jirani yake chipukizi bure, kwa upendo, alimpa ugonjwa pia, wala hakuna kati yao aliyeuona ukipita.

Kana ni jamaa wa mgomba, na watafiti waliolijaribu wameona kwamba bakteria huyo anaweza kuliingia. Kwa hiyo siku ile ya Septemba kila kisu kilipitishwa motoni kabla ya kazi, na tulikipitisha tena tulipohama kutoka sehemu moja ya kichaka kwenda nyingine. Vijana walinung'unika kwamba tunapoteza muda. Niliwaacha wanung'unike, moto ukaendelea kuwaka.

Kugawa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma na wa jumuiya ya Sant'Egidio, alifanya kazi katika ukaguzi wa bidhaa zinazoingia nchini. Aliletewa fedha ili chakula kilichoharibika kipite kiende kwa watu, naye akakataa. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma. Ingekuwa rahisi kusema kwamba watu wana njaa na chakula ni chakula. Yeye alitazama kile kitakachofika kwenye sahani ya mtoto.

Nyumbani kwetu tunagawiana pia hadithi. Nani alichoma nyumba ya nani, kilima gani kilisaliti kilima gani, watu wa lugha ile si wa kuaminiwa. Baadhi ya hadithi hizo ni za kweli, na sisemi zisahauliwe. Mimi mwenyewe ninazo. Ninawaomba ninyi mlio karibu kuwa wazazi mzipitishe motoni kabla ya kumpa mtoto wa miaka saba. Mwulize aliyekusimulia: uliona, au uliambiwa? Ulisema na mtu wa upande wa pili? Hadithi iliyopita kwenye maswali hayo inabaki na uchungu wake, lakini sumu nyingi inakuwa imetoka.

Najua kijana mmoja ananijibu moyoni: Mwalimu, sisi tumegawanyika vya kutosha, na wewe unatusifia kisu. Jibu langu ni hili. Kiswahili kimetupa maneno yaliyozaliwa nyumba moja, kugawa, kugawana, kugawanyika, na ni juu yetu kuyatofautisha. Masisi ni nchi ya ng'ombe. Ng'ombe wakipita juu ya kichaka cha maua, vipande hutawanyika kila upande, na mtu wa mbali angeweza kuhesabu vipande hivyo na kusema kichaka kimegawiwa. Lakini kwato hazitafuti jicho. Mwenye kisu anatafuta jicho kwanza, na kila kipande anakijua kinakwenda kwa nani. Vita vimetufanyia kazi ya kwato. Hata hivyo nimewahi kuona kipande kilichokanyagwa, kikaokotwa na mtu aliyekifuta udongo, kikaota.

Mnapolisoma lile tukio la mikate mitano katika Injili ya Mateo, ya Marko na ya Luka, tafuteni mahali palipoandikwa kwamba Yezu aliizidisha mikate. Hamtapaona. Mtaona kwamba alisali, akamega, akawapa wanafunzi wake wawapelekee watu. Sisi ndio tuliolipa tukio hilo jina la kuzidisha mikate. Waliokaa kwenye majani siku ile, kitu walichokiona kwa macho yao ni mkate unaomegwa.

Jambo hili linavihusu vikundi vyenu moja kwa moja. Ninavijua vikundi vya vijana vyenye wanachama mia na zaidi, ambavyo viongozi wake ni wale wale tangu walipokuwa na miaka 20, na sasa mmoja anamleta binti yake kwenye mkutano. Pembeni wapo vijana wapya wenye nguvu. Katikati hapachipui kitu. Kigaweni kikundi cha namna hiyo. Ila msikigawe kwa lugha, wala kwa kilima, wala wageni huku na wenyeji kule, maana hiyo ni kazi ya kwato. Angalieni kila kipande kiwe na jicho, yaani angalau mtu mmoja anayeweza kuongoza sala na kuitisha mkutano bila kusubiri ruhusa ya mkubwa fulani. Na kiwe na mizizi, yaani familia mbili tatu katika shirika la mtaa zinazokijua na zitakazouliza kimekwenda wapi kikinyamaza. Vijana wawili waliobaki peke yao kwenye kigango cha mbali, wenye ari nyingi na bila familia moja inayowajua, hao ni kipande chenye jicho kisicho na mizizi. Nimeviona vikichipua haraka na kukauka haraka.

Ya kigango kile siwezi kusema yamekwisha. Kati ya vipande 37, kumi na viwili vilikwenda kwenye vibanda vya wageni, na viwili kati ya hivyo viliishia tumboni mwa mbuzi. Vingine vilipandwa upya mlangoni mwa kanisa, kwa nafasi ya hatua moja, na baadhi vilichanua kabla ya Noeli. Mzee alichukua kimoja akakipanda juu ya kaburi la katekista. Kwaya inaketi pamoja tena, ingawa kwenye benchi la nyuma hubaki nafasi tupu ya mtu mmoja, kati ya upande huu na ule, na hadi sasa hakuna aliyeikalia.

Mmoja wa wasichana wale watatu hakukipanda kipande chake ardhini. Alikiweka kwenye bidoni la manjano lililokatwa, akalitoboa chini, akalijaza udongo wa msituni. Nilimwambia kana litahitaji nafasi zaidi. Akanijibu, "Mwalimu, nikilipanda hapa mama atadhani haturudi Masisi." Nikamwonyesha namna ya kukigawa ndani ya bidoni kitakapojaa, abaki na kipande chenye macho mawili na vingine avigawe kwa jirani. Siku nilipopita mara ya mwisho kilikuwa na mashina matatu, na bidoni limeanza kupasuka ubavuni.

Mvua za Septemba zitakapoanza tutachimba tena, safari hii kwenye vigango viwili. Kikundi kinachotaka vipande kitume watu wawili Jumamosi asubuhi, na kila mmoja aje na kisu chake, gunia lenye unyevu, na kuni chache kwa ajili ya moto.